Nilisema Hakuniambia

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka natamani nijifunike buibui uso mzima. Ilikuwa Jumatano, mchana wa jua kali. Nilikuwa nimeketi mbele ya meza ndefu, watu watatu wananitazama, nikaulizwa swali jepesi, la kujibiwa kwa neno moja tu. Nikajibu uongo. Na yule aliyeumizwa na uongo ule alikuwa ameketi kiti cha ubavuni pangu, karibu hata nikisikia harufu ya sabuni kwenye sare yake.

Nakusimulia haya kwa sababu ulinijia juzi na barua mkononi, wacheka kama mtoto wa Idi, wasema umepewa wodi uiongoze. Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Lakini ulipoondoka sikupata utulivu. Uliniambia, "Nyanya, nataka niwe kama wewe."  Watu wa Mji wa Kale bado hunisimamisha Ndia Kuu, "Sista Zuwena, subalkheri, waonaje hali?" na wengine huwaambia wana wao kwamba mimi ndiye niliyewauguza. Salamu hizo nazipokea kwa mikono miwili. Lakini kabla hujaanza kuniiga, ni haki yako ujue ni kipi cha kuiga na kipi cha kukikimbia.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne nilipofanywa inchaji, yaani muuguzi msimamizi, wa wodi ya wanawake waliopasuliwa, katika hospitali moja hapa hapa kisiwani. Vitanda vilikuwa thelathini na viwili. Wauguzi nilioandikiwa kwa zamu ya mchana walikuwa watano, lakini watano hao walikuwa wa kwenye karatasi. Mmoja alikuwa amehamishiwa bara, mmoja yuko masomoni, mmoja alikuwa amestaafu na nafasi yake haikujazwa. Waliokuwa wakikanyaga sakafu ile walikuwa wawili, na mimi mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi nililetewa fomu niseme wodi ina watu wangapi. Kila mwezi niliandika watano.

Utaniuliza kwa nini. Nakwambia bila kupamba: nilipenda kusifiwa. Inchaji aliyelalamika kwamba hana watu alionekana hajui kupanga kazi. Mimi nilitajwa mikutanoni kwa wema. "Wodi ya Zuwena haina kelele," Metroni, mkuu wa wauguzi wote, alikuwa akisema, na mimi nikiinamisha macho kwa unyenyekevu wa uongo. Kelele hazikuwepo kwa sababu nilizizima mwenyewe, mlangoni pangu, kabla hazijatoka nje.

Nilikuwa na jambo jingine. Kwenye meza ya wauguzi palikuwa na viti vitatu. Nilivitoa viwili nikavipeleka stoo, nikabakiza kimoja cha daktari. Nilisema muuguzi akiketi mgonjwa huhisi ameachwa. Wakubwa waliona ni bidii.

Nami nilifunzwa hivyo, mwanangu. Kijana wangu wa kwanza nilimwachisha ziwa akiwa na miezi mitatu, kwa kuwa mkubwa wangu wa wakati ule hakutaka kusikia habari za watoto. Nililia wiki nzima, kisha nikaacha kulia, nikajiona nimekomaa. Nilikuwa nimeumizwa na hakuna aliyeniambia kwamba nimeumizwa, basi nikakua nikidhani maumivu yale ndiyo mafunzo, na kwamba nami wajibu wangu ni kuyapitisha kwa wengine. Sisemi hivi kujitetea. Nakueleza tu mlango nilioingilia.

Basi akaletwa Kadzo.

Kadzo alikuwa msichana wa Rabai, Mkristo, mwembamba, mwepesi wa miguu. Mgonjwa mwenye kuogopa sindano alikuwa akisema, "Nangoja Kadzo." Mumewe alifanya kazi bandarini, na walikuwa wamepanga chumba Majengo. Alikuja kwangu akitoka likizo ya uzazi, na nyumbani ameacha mtoto wa kike wa miezi mitatu, ameshikiwa na jirani.

Siku yake ya tatu alinijia saa nne asubuhi, mikono ameikunja kifuani.

"Sista, naomba dakika ishirini nikakamue maziwa. Nguo inalowa."

"Utakamua wapi?"

"Hata chooni, Sista. Nimekuja na chupa yangu."

"Na vitanda vyako nimwachie nani?"

Akageuka akaiangalia wodi. Mwikali, muuguzi wa pili, alikuwa mwisho kabisa akifunga kidonda. Hapakuwa na wa kumwachia, na aliyefanya pasiwe na mtu ni mimi na kalamu yangu. Lakini wakati ule niliona nimemshinda kwa hoja. Nikamwambia, "Sote tumezaa, Kadzo. Hapa hatukuja kunyonyesha."

"Sawa, Sista," akasema. Alikwenda akachukua leso yake, akajifunga juu ya sare ili wagonjwa wasione ule unyevu, akarudi kazini. Aliomba tena siku nyingine, na nyingine tena. Mara moja moja nilimpa dakika tano, huku nikitazama saa. Mara nyingi nilikataa.

Ukapita mwezi na zaidi. Jumatatu moja akaniambia ziwa la kushoto limevimba na mwili wahisi baridi. Nilimgusa shingo, alikuwa wa moto. Mimi ni muuguzi. Nilijua homa ile yatoka wapi na ni nani aliyeisababisha. Nikatoa vidonge viwili vya panadol mfukoni.

"Meza, uendelee. Alhamisi nitakupa siku upumzike."

Ilikuwa siku yake ya nane ya kazi mfululizo.

Kesho yake Mwikali alitumwa kumsindikiza mgonjwa hospitali nyingine. Mimi nilikuwa ghorofa ya juu mkutanoni. Kadzo akabaki peke yake na wanawake thelathini na mmoja, na homa yake.

Tulikuwa na kina Bi Fatma wawili wodini. Wa kitanda cha sita alikuwa na kisukari, na kila adhuhuri kabla ya chakula alidungwa dawa ya kuteremsha sukari. Wa kitanda cha tisa alikuwa bibi wa Mji wa Kale, mshonaji wa kofia, aliyetolewa uvimbe tumboni. Yeye sukari yake haikuwa na neno. Kadzo akamdunga wa tisa dawa ya wa sita, na alipotazama namba ya kitanda ndipo alipoliona kosa lake.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza. Bi Fatma angeanza kutoka jasho na kuweweseka, nasi tungesema ni uchovu wa operesheni, na labda tungemzika tukisema hivyo hivyo. Kadzo alimtilia maji ya sukari kwenye mshipa, kisha akapanda ngazi mbio, akaufungua mlango wa mkutano bila kubisha, mbele ya wakubwa wote.

"Sista, nimekosea. Nimemdunga Bi Fatma wa tisa dawa isiyo yake. Nimeshamtundikia maji ya sukari, lakini naomba daktari. Sasa hivi, tafadhali."

Tuliteremka sote. Bi Fatma alikuwa akitetemeka, maneno yamempotea, jicho limelegea. Daktari akafanya kazi yake. Kufika alasiri alikuwa ameketi, akiuliza kwa nini chai imechelewa. Alipona, mwanangu, kwa sababu mtu aliyekosea alisema upesi. Na tukamlipa vipi mtu huyo? Tukamwita mbele ya meza.

Hiyo ndiyo Jumatano ninayoisema, wiki moja baadaye. Upande ule walikuwa Metroni, daktari mmoja mkubwa, na bwana wa utawala. Upande huu Kadzo na mimi. Bwana wa utawala akaniuliza, "Siku hiyo wodi ilikuwa na wauguzi wangapi?"

"Kwa ratiba, watano," nikasema. Ilikuwa kweli ya karatasi.

Kisha daktari akauliza, "Huyu muuguzi anasema alikuwa na homa tangu siku iliyotangulia. Alikueleza?"

Nilifikiri kitu kimoja tu: nikisema ndiyo, wataniuliza kwa nini nilimwacha afanye kazi. Na wakiuliza hilo wataifikia fomu.

"Hapana," nikasema. "Hakuniambia."

Kadzo alinigeukia. Hakupiga kelele, hakulia. Alisema neno moja tu, kwa sauti ya kuuliza, kama mtu aliyeamshwa ghafla:

"Sista?"

Sikumtazama. Nilitazama kalamu ya bwana wa utawala ikiandika. Kadzo akasimamishwa kazi mpaka shauri lake lipelekwe mbele, na ikawa huenda akafutwa kabisa katika uuguzi. Alipotoka aliniaga kwa heshima kama kila siku. Heri angenitemea mate.

Nilikaa hivyo siku nane. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikapika, nikasali, na katika sala zangu nilikuwa nikipita upesi mahali pa kuomba msamaha kama mpita njia anayemkwepa mtu anayemdai. Siku ya nane nikanunua halwa nikaenda kumtazama Bi Fatma nyumbani kwake, uchochoroni nyuma ya Ndia Kuu. Nilijiambia kwamba nikimwomba radhi mgonjwa, mzigo utapungua.

Nilimkuta sebuleni, ameegemea mto, kofia mkononi, sindano yaingia yatoka.

"Karibu, mwanangu. Keti."

"Nimekuja kukuomba radhi, Bi Fatma, kwa yaliyokufika wodini."

"Aliyenidunga aliniomba radhi siku ile ile, akanilia machozi mkononi, nami nikamsamehe. Wewe waniomba radhi ya nini?"

Nikamsogezea halwa.

"Yuko wapi yule mwana?"

"Amesimamishwa."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kuwa alikuwa mgonjwa, naye hakuniambia."

Wasikia, mwanangu? Niliurudia uongo hata pale, mbele ya kikongwe ambaye hakuna aliyenilazimisha kumjibu.

Bi Fatma akaitua kofia mapajani.

"Zuwena," akaniita jina tupu, kama mamangu alivyokuwa akiniita nikiharibu. "Kitanda changu kilikuwa hatua nne kutoka meza yako. Nilipasuliwa tumbo, sikukatwa masikio. Nilimsikia akikwambia ana homa. Nikakuona ukimpa vidonge viwili. Yule mwana hakuketi tangu asubuhi, hata maji hakunywa. Mimi nikitaka kwenda haja nilikuwa najizuia nisimwite, namhurumia. Mimi mgonjwa, namuonea imani muuguzi wangu! Nawe mkubwa wake wapita ukitazama saa."

Nilianza kulia. Hakunibembeleza.

"Wewe uliwekwa pale umkinge. Badala yake ukamshika ukajikinga naye. Sasa chukua halwa yako. Mwenye kuombwa radhi si mimi."

Nikarudi na halwa mkononi. Njiani watu walinisalimu, na siku ile sikuitika salamu ya mtu.

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwa Metroni kabla hajafika. Alikuwa mwanamke wa bara, mkimya, mwenye kufikiri kabla ya kusema. Nikamwambia yote: homa, vidonge, maziwa, viti, na fomu za miezi ishirini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unajua cheo kitaondoka?"

"Najua, Metroni."

Akaufunga mlango. Kisha akasema, "Hizo fomu nilijua si za kweli. Mimi hupita wodini, nina macho. Lakini nami nikiandika kwenda juu kwamba tuko sawa, hakuna anayenisumbua." Akavua miwani. "Basi tutakwenda sote wawili."

Tukaenda kwa bwana wa utawala. Shauri likafunguliwa upya, nami nikasema mbele ya meza ile ile kwamba aliniambia, na kwamba nilisema uongo. Ndimi zetu ni nzito sana kwa maneno mepesi. Cheo kikaondoka, nikarudishwa muuguzi wa kawaida, na hilo lilikuwa haki. Kadzo akaandikiwa barua ya kurudi kazini. Yalikuwa yamepita majuma sita.

Nilimfuata Majengo, chumbani kwake. Alinipa kigoda nikae, yeye akasimama. Mtoto alikuwa kwa jirani mlango wa pili, akinyweshwa maziwa ya kopo kwa kikombe, nilimwona nikipita. Nikamwambia niliyokuja kumwambia. Sikujificha nyuma ya kazi wala uchache wa watu.

"Barua nimeipata, Sista," akasema. "Nashukuru ulisema. Lakini kwa ile homa na yale mawazo, maziwa yalikatika. Hayakurudi."

Hapo ndipo nilipojua, mwanangu, kwamba ukweli ukichelewa hurudisha baadhi ya vitu tu. Nilikaa pale kwenye kigoda sina pa kuyaweka macho yangu. Aliniambia amenisamehe kwa sababu dini yake yamtaka, na kwamba moyo utafuata ukiwa tayari. Nilimwambia moyo huo usiharakishwe.

Alirudi kazini, lakini si kimya kimya. Alimwandikia Metroni kwamba ratiba ibandikwe ukutani, na jina lisiandikwe humo ila la mtu aliyepo, mwenye miguu miwili. Hilo ndilo lililokuwa la kwanza. Wauguzi wa wodi nyingine wakaongeza yao, na Metroni, safari hii, hakusema tuko sawa. Mimi kazi yangu ilikuwa kwenda kila mkutano na kusimulia nilichokifanya. Sikupenda. Kila mara nilihisi navuliwa nguo. Lakini niliona kwamba wakubwa wakisikia aliyekuwa mkubwa mwenzao akikiri, husikiliza zaidi kuliko wakisikia wadogo wakilalamika; hilo nalo ni aibu yetu sote.

Usidhani ilikuwa rahisi. Tulizungushwa ofisi hadi ofisi, miaka. Bwana mmoja alituuliza kama siku hizi wauguzi wataka hospitali iwe hoteli. Kadzo akamjibu kwa upole, "La, mheshimiwa. Twataka mgonjwa wako akidungwa, adungwe na mtu aliyelala."

Kidogo kidogo yakaja. Ile stoo ilitolewa vitanda vibovu, ikapakwa chokaa, ikawa chumba cha kupumzikia, na pembeni pazia, kiti na friji ndogo kwa wenye kunyonyesha. Ikaandikwa, si kwa hisani ya inchaji bali kama kanuni yenye sahihi, kwamba muuguzi hafanyi kazi zaidi ya siku tano bila kupumzika, na akienda kula yuko wa kumshikia wodi. Nafasi zilizokuwa tupu zikaanza kujazwa, kwa kuwa sasa zilionekana ni tupu. Na fomu ya makosa ikabadilishwa. Zamani swali la kwanza lilikuwa, nani amekosea? Sasa likawa, wodi ilikuwa katika hali gani? Watu wakaanza kusema makosa yao mapema, kabla mgonjwa hajadhurika. Mengine bado hayajafanywa hadi leo, na hayo umerithi wewe.

Kadzo alipofanywa inchaji, mimi nilikuwa chini yake. Naam, kwenye wodi ile ile. Adhuhuri moja tulikuwa na wagonjwa wengi, nami nilikuwa nikizunguka na trei ya dawa, miguu imevimba, umri umeshaanza kunihesabu. Akaja akaichukua trei mkononi mwangu.

"Sista Zuwena, nenda ukale. Nimekushikia."

"Nitamaliza upande huu kwanza."

"Nenda ukaketi, Sista."

Nilikwenda kwenye kile chumba nikaufungua wali wangu. Nyuma ya pazia palikuwa na muuguzi kijana akikamua maziwa, anaimba kwa sauti ndogo, hana haraka. Niliufunika tena wali wangu. Sijawahi kupigwa na mtu, mwanangu, lakini siku ile nilijua kipigo kilivyo.

Sasa nisikilize. Kesho utakabidhiwa funguo na hizo karatasi. Ratiba siku hizi yaja kwa simu, lakini simu nayo huweza kuandikwa uongo. Usiandike mtu asiyekuwepo. Wakikuuliza kama mko sawa na hamko sawa, sema hamko sawa, hata kama sauti yatetemeka, hata kama mwenzako wa wodi ya pili anasifiwa. Muuguzi akikwambia anaumwa, mwangalie kama ungemwangalia mgonjwa aliyelazwa. Usiseme "na sisi tulipita humo humo." Kama wewe uliteswa, pole, na ukatafute mtu wa kumlilia, usimtafute wa kumtesa. Na lile linalowafaa watu wako usiliache litegemee wema wako, kwa kuwa wema wako siku moja utachoka au utahamishwa. Lipiganie liandikwe, litiwe sahihi, limfunge hata atakayekuja baada yako akiwa na moyo kama niliokuwa nao mimi. Ukikosea, na utakosea, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa majuma, na mtoto wa watu akakosa ziwa la mamake.

Haya, simama nikuombee. Mola akupe macho ya kuwaona walio chini yako kabla hawajaanguka, na ulimi usiokimbia ukiulizwa. Akupe wakubwa wenye kusikia, na wakikosa kusikia akupe subira ya kurudi mlangoni kwao tena. Mikono yako iwe na shifaa kwa wagonjwa na kwa wauguzi wako pia. Na siku utakapoivua sare hiyo kwa mara ya mwisho, atakayekukumbatia akukumbatie bila kuwa na neno la kukusamehe. Amin, mwanangu. Nenda salama.